Mzigo wa Ujira na Mzigo wa Amri: Upagazi katika Pwani ya Rumonge

Ukitoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, ziwa linakaa mkono wa kulia na mlima mkono wa kushoto, na watu wamebanana katikati. Huo ndio ukanda wa Imbo: mahali pengine una nafasi ya mashamba ya michikichi, mahali pengine hautoshi zaidi ya barabara na safu ya nyumba. Maji ya Tanganyika yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Bururi zinazoitazama Rumonge kutoka juu zinapita mita 1,800. Kupanda huko kwa zaidi ya mita elfu moja ndiko kulikoamua kwa miaka mingi nani abebe nini katika pwani hii. Chumvi, samaki, mawese, vitambaa na baadaye kahawa, vyote vilipita ziwani kwa wepesi, vikisukumwa na makasia au na moshi wa meli. Vikifika ufukweni, safari ya majini imekwisha, vinangoja kichwa cha mtu.

Habari za uchukuzi huu kwa kawaida husimuliwa kama kupanda ngazi. Kilianza kichwa, ikaja meli, ikaja reli, likaja lori, na kila chombo kipya kikampunguzia binadamu adha. Kwa upande wa kilo na kilomita masimulizi hayo hayana ubishi mkubwa. Lakini yanaliruka swali ambalo naliona kubwa kuliko yote: nani aliruhusiwa kuutua mzigo kabla mwenye mali hajapenda? Mpagazi aliyepita njia ya Ujiji katikati ya karne ya 19 alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, akalala porini, akapambana na njaa na ndui. Hata hivyo, mara nyingi alikuwa na kauli zaidi juu ya mzigo wake kuliko yule aliyebeba sanduku la serikali miaka sitini baadaye. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika pwani ya Burundi vyombo vya kisasa vilipofika, amri ndiyo iliyofika navyo, na hiyo ndiyo iliyoufanya mzigo kuwa mzito.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, na Aprili wakapanda mitumbwi kwenda kaskazini, wakiambaa pwani ya Burundi kabla ya kukata maji kuelekea magharibi na kufika Uvira. Kabla ya kuondoka walisumbuana sana na Kannena, mkuu wa Ujiji, juu ya bei ya mitumbwi miwili na posho ya wapiga makasia. Hawakuwa wameingia jangwani, waliingia sokoni. Mawese ya pwani ya Burundi yalikuwa yakiteremshwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, na chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kwenye chemchemi za karibu na Mto Malagarasi, ikipelekwa kinyume, ikizungushwa ziwani na kupandishwa milimani kwa miguu. Shanga za sofi zilikuwa fedha ya soko la Ujiji. Watu wa pwani ya Rumonge hawakuwa wapagazi wa masafa marefu. Kazi hiyo ilikuwa hasa ya Wanyamwezi, waliotembea kati ya Tabora, Bagamoyo na Ujiji. Watu wa Imbo walipiga kasia, waliuza mafuta na samaki, na walibeba vya kwao hadi soko la karibu. Lakini nguo na shanga zilizofika ufukweni kwao zilikuwa zimepita juu ya mabega ya Wanyamwezi, na bei ya upagazi ule ilikuwa ndani ya bei ya kila upande wa kitambaa.

Tazama jinsi mzigo wenyewe ulivyofungwa. Robota la kitambaa cha merikani lilikazwa kwa kamba hadi likawa gumu, refu kama mto wa kulalia, kisha likafungwa pamoja na fito. Ncha ya fito iliachwa ichomoze chini, na mpagazi akichoka aliuegemeza mzigo kwenye mti ukasimama bila kugusa ardhi, kisha akauingia tena begani bila kuinama na bila kumsumbua mwenzake amtwike. Koili za shaba ziliangikwa kwenye ncha mbili za mti, mzegazega. Vya kichwani vilikalia ngata. Mfungaji wa robota alikuwa amekwishamfikiria mtu anayepumzika. Mzigo wa biashara ulitengenezwa kwa kujua kwamba utatuliwa mara nyingi njiani, na kwamba anayeamua pa kuutua si mwenye msafara peke yake bali kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi, na wenzake pia.

Ushahidi bora wa uhuru huo, kwa maoni yangu, unapatikana katika manung'uniko ya wasafiri wa Kizungu. Vitabu vyao vimejaa malalamiko. Wapagazi wamegoma kuondoka mpaka posho iongezwe. Wapagazi wameulinganisha mzigo na wa jirani na kuukataa. Wapagazi wametoroka usiku na kuacha marobota kambini. Wanaotaka siku ya mapumziko wameketi chini na hawanyanyuki. Msomaji wa leo anaweza kuyasoma hayo kama habari za uvivu, na ndivyo waandishi walivyotaka yasomwe. Lakini mwajiri halalamiki juu ya mtu asiyeweza kukataa. Aliyetozwa zaidi na Kannena, au aliyesimama wiki nzima akibembeleza watu wachukue mizigo, anatuambia bila kukusudia kwamba mbele yake walikuwa watu wenye bei. Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa Mapadri Weupe, walioondoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufungua misheni Rumonge Julai 1879, waliipitia shule hiyo hiyo.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapoingia, na si la kupuuzwa. Misafara hiyo hiyo ilibeba watumwa, na meno ya tembo yalibebwa pia na watu waliokuwa wenyewe bidhaa. Pwani ya kaskazini ya ziwa iliingia chini ya mkono wa Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, aliyetawala biashara ya Ujiji katika miaka ya 1880. Watu wake waliweka vituo ukingoni, na walipojaribu kupenya milimani majeshi ya Mwezi Gisabo, mwami (mfalme) wa Burundi, yaliwazuia. Huko Rumonge, misheni ilichukua watoto waliokombolewa utumwani, na nguo za kuwakombolea zilikuwa zimekuja vichwani mwa wapagazi. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa hapo na watu wa Babikari katika ugomvi uliohusu mtoto mmoja wa kituo chao, na misheni ikafungwa. Kwa hiyo, je, kumsifu mpagazi huru wa karne ya 19 si kupaka rangi zama za minyororo?

Ingekuwa hivyo kama ningedai kwamba wote walikuwa huru. Sidai. Ninachosema ni kwamba katika msafara mmoja, kwenye njia moja, chini ya jua lile lile, watu wawili waliweza kubeba uzito sawa na wasiwe na hali moja. Mmoja alikuwa na ujira wake na kijiji cha kurudia, na akitoroka alikuwa mpagazi aliyevunja mkataba. Mwingine akitoroka alikuwa mali iliyopotea. Waliokuwepo waliijua tofauti hiyo vizuri sana. Mnyamwezi hakuvumilia kufananishwa na mtumwa. Utumwa, basi, hauivunji hoja, unaiunga mkono. Unaonyesha kwamba mizani haipimi kitu kinachohitaji kupimwa.

Pingamizi la pili ni la karibu zaidi na nyumbani. Ufalme wa Burundi nao uliwabebesha watu. Maharage, mtama, pombe ya ndizi, siagi na samaki vilipelekwa kwa machifu na kwa mwami kwa miguu, na hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Ni kweli, na anayeutaja ufalme kama zama za upole anajidanganya. Ila mzigo huo ulikuwa na mipaka ambayo utawala wa baadaye uliivunja. Ulikwenda kwa majira ya mavuno, njia yake ilikuwa ya kujulikana, na aliyebeba alitarajia kitu kwa zamu yake, ng'ombe, shamba au ulinzi. Muganwa, yaani chifu wa ukoo wa kifalme, aliyezidisha aliona watu wake wakihamia kilima cha mwingine, na kilima bila watu hakikuwa na faida kwake. Pwani ya kusini, kwa vile ilikuwa mbali na ikulu, ilionja zaidi ulegevu wa mkono wa mwami kuliko ukali wake. Kuhama kulikuwa ndiko kuutua mzigo, hata kama ni kwa gharama kubwa.

Kisha wakaja wenye vyombo, na jambo la kwanza la kuona ni kwamba vyombo vyenyewe vilibebwa. Mwaka 1883 Edward Hore wa Shirika la Misheni la London aliifikisha Ujiji boti ya chuma, Morning Star, ikiwa vipande vipande, baada ya kuvutwa na watu kutoka pwani ya Saadani. Meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilipitishwa Zambezi na Nyasa na kusukumwa nchi kavu hadi Tanganyika, na ilikuwa majini kufikia 1900. Wajerumani walikuwa wameshaweka kituo cha jeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1890, na tarehe 6 Juni 1903, kwa mkataba wa Kiganda, Mwezi Gisabo akakubali mamlaka yao. Kuanzia hapo askari akipanda kutoka ziwani kwenda Gitega, chifu wa njiani alitakiwa kutoa vichwa kadhaa. Haikuwa tena habari ya mwenye msafara kutafuta watu na kupatana nao. Kwa pwani, nyakati hizo zilikuja pamoja na malale. Wajerumani walifyeka vichaka vya ufukweni, wakafungua kambi za wagonjwa na kuwahamisha watu kutoka maeneo ya mbung'o, na ukingo uliokuwa umejaa watu ukapungua wakati ule ule mahitaji ya wabebaji yalipoongezeka.

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914. Kwa mujibu wa ile hadithi ya ngazi, hapa ndipo mpagazi angepaswa kupumzika, na kwa njia ya Bagamoyo alipumzika kweli, kwa maana ya kukosa kazi. Kwa Burundi mambo yalikwenda kinyume. Meli kubwa ya Götzen, iliyotengenezwa Papenburg na kuletwa katika masanduku takriban 5,000, iliteremshwa majini Februari 1915, na ziwa likawa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulaya imeandika vitabu vingi juu ya boti za vita hivyo, na Hollywood haikukaa nyuma. Waliozivuta boti hizo nchi kavu wameambulia sentensi moja moja. Wabelgiji waliingia Usumbura tarehe 6 Juni 1916, wakafika Gitega siku kumi na moja baadaye, wakaiteka Kigoma mwisho wa Julai na Tabora Septemba 19. Katika vita vyote hivyo upande wa Ubelgiji ulitumia wapagazi wapatao 260,000. Treni na meli zilileta risasi na unga mpaka ukingoni kwa wingi ambao mitumbwi isingeweza kamwe, na kila tani iliyoshushwa ufukweni iligawanywa kwa vichwa. Kadiri chombo cha majini kilivyokuwa kikubwa, ndivyo foleni ya watu wa nchi kavu ilivyokuwa ndefu. Huo ndio uhusiano ambao ngazi haiuonyeshi.

Amani haikuibadili hesabu hiyo upesi. Ubelgiji ilipewa dhamana ya Ruanda-Urundi chini ya Shirikisho la Mataifa. Kwa makubaliano ya Machi 1921 na Uingereza ikapata sehemu zake za bandari, Kigoma na Dar es Salaam, kwa pango la faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mizigo ya Burundi ikapata njia safi hadi bahari ya Hindi, isipokuwa ile kilomita ya kwanza, kutoka shambani hadi ukingoni, ambayo ilikuwa ya kupanda na kushuka kwa miguu. Serikali iliamuru watu walime kahawa katika miaka ya 1930, ikaamuru wachimbe barabara, ikaamuru wabebe. Chifu aliyeshindwa kutoa idadi aliyopangiwa alipoteza cheo, na aliyeshindwa chini yake alionja kiboko. Kodi ya kichwa ililipwa kwa fedha, na fedha zilipatikana kwa kazi zile zile.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 1930, ulikuwa na kifungu kizima, cha 18, kuhusu kazi ya lazima ya wapagazi na wapiga makasia. Kilitaka ikomeshwe haraka iwezekanavyo, na kabla haijakoma serikali iweke kikomo cha uzito, cha umbali na cha siku kwa mwezi. Ubelgiji iliuridhia mwaka 1944 tu. Kifungu hicho kilikuwa hatua njema, lakini kinaonyesha pia namna wakubwa walivyoutazama mzigo: ni kilo, ni kilomita, ni siku. Mnyamwezi wa 1858 alikuwa na vikomo hivyo vitatu bila Geneva, kwa sababu alikuwa na kikomo cha nne kilichovizaa: akikataa, robota linabaki chini.

Atatokea wa kusema kwamba barabara zile zile zilizochimbwa kwa amri ndizo zilizoufuta upagazi, na kwamba kizazi kimoja kiliumia ili vinavyofuata vipone. Hoja hii ina nguvu na sitaizunguka. Lori lilipopanda kutoka Usumbura kwenda Gitega na Astrida (Butare ya Rwanda), misururu ya wabebaji ilipungua kweli, na hakuna mwenye akili anayeililia. Lakini tusimwachie mjenzi wa barabara ashike kalamu peke yake. Warundi walitoa jibu lao kwa miguu. Tangu miaka ya 1920 makumi ya maelfu waliondoka, wengine kwenda Buganda, wengine kuingia Tanganyika hadi mashamba ya mkonge. Audrey Richards na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1954, waliwakuta wengi wao katika mashamba ya Baganda. Kazi ya kulima pamba ya mtu au kukata mkonge haikuwa nyepesi kuliko kubeba. Kama uzito ndio uliokuwa taabu, wasingeifuata kwa mwendo wa wiki nyingi. Walichokifuata ni mahali ambapo kazi ilikuwa na mshahara na mwisho wa mkataba. Na angalia malalamiko yalivyogeuka: mwaka 1858 mwenye mali alilalamika kwamba mpagazi anadai mno, mwaka 1930 ofisi zililalamika kwamba watu wanaikimbia nchi. Kugoma kumetoweka katika maandishi, na kukimbia kumechukua nafasi yake. Kwa mtu asiyeweza tena kulitua robota mguuni pa mti, kilichobaki ni kuitua nchi nzima.

Rumonge iliuona ukimbizi mwingine baadaye, na huo haukuhusu kazi. Machafuko yaliyoanza Aprili 29, 1972 katika pwani hii, pamoja na mauaji makubwa ya serikali yaliyofuata, yaliwavusha maelfu ya watu hadi Kigoma. Walibeba walichoweza. Michikichi haibebeki, na mashamba yao yakagawiwa wengine, mengi yakiingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Baada ya makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 wengi walirudi, wakakuta wenye hati juu ya ardhi ya baba zao, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa mwaka 2006 ikarithi mashauri ambayo si mepesi kwa upande wowote. Nayataja kwa sababu mafuta yanayobebwa leo Rumonge yametoka katika udongo huo, na si haki kuzungumzia bidoni la mawese kana kwamba limeota ufukweni.

Leo mbebaji wa pwani ana baiskeli. Mabidoni ya njano ya mawese yanafungwa mawili mawili ubavuni kwa mpira wa tairi, la tano likikaa juu, na mtu anasukuma kwenye mwinuko na kupanda kwenye tambarare. Ndagala waliokaushwa mchangani wanapandishwa milimani kwa magunia, samaki wabichi wa mukeke wanakimbizwa mjini kabla ya jua kali, na wanawake wenye mabeseni bado ni wengi sokoni kuliko pikipiki. Upungufu wa mafuta ya gari, uliouma sana nchini miaka ya karibuni, umewarudishia watu wa kasia, baiskeli na kichwa kazi ambayo lori lilikuwa limewapokonya. Mwenye shaka atauliza uhuru wa mtu huyu uko wapi, ikiwa asipobeba watoto hawali. Ni swali la haki, na njaa ni mnyapara mkali. Ila njaa haimpangii bei. Anapatana na mwenye shehena, anaweza kulikataa bidoni la sita, na asubuhi akiamka na homa baiskeli inabaki ukutani na hakuna askari mlangoni. Upagazi wa aina hii umerudi karibu zaidi na ule wa Ujiji kuliko ule wa 1930, ingawa kipato chake ni kidogo.

Tena amri haijaiacha njia. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya katikati ya Bujumbura, kwa sababu za usalama barabarani. Ajali zilikuwepo, na mtu aliyeona baiskeli zikiteremka zimeshikilia nyuma ya lori hawezi kusema sababu hiyo ni ya kubuni. Lakini kwa marufuku hiyo aliyesukuma mawese kutoka kusini alilazimika kuyashusha kwenye mpaka wa eneo hilo na kuyakabidhi kwa gari la mwingine. Hapo aliutua mzigo, ndiyo, mahali alipochaguliwa na wengine, na nauli ya kipande kilichobaki hadi sokoni ilikatwa kwenye ujira aliopatana Rumonge.